Kitabu cha Ndoa na Njia ya Kwetu



Katika Jubilei hii twavifungua tena vitabu vya kale vya misioni. Leo tutazame vitabu vya nchi nyingine, Ayalandi, maana habari zake ni funzo kwetu sote tuandikao majina.

Mjukuu aliyezaliwa ng'ambo ataka kujua babu yake alikaa wapi kabla ya kuoa. Afanyeje? Kwanza hutafuta Kitabu cha Ndoa cha Serikali. Ndoa zisizo za Kikatoliki ziliandikwa humo tangu mwaka 1845, na ndoa zote tangu mwaka 1864. Humo huona kazi ya kila mmoja, jina la baba, na mahali alipokaa siku ya arusi.

Lakini asifanye haraka. Desturi ilikuwa kufunga ndoa katika parokia ya bibi arusi; basi kanisa si ushuhuda wa kwao bwana arusi. Tena mahali palipoandikwa pengine ni pale alipofanya kazi ya kibarua tu.

Ndipo hulishika jina la baba, akalitafuta katika orodha ya kodi ya Griffith, iliyotolewa tangu 1847 hata 1864, yenye majina ya wenye nyumba na mashamba, kitongoji kwa kitongoji. Kijana akaaye kwa baba yake hayumo, baba yumo. Kisha huenda kwenye Kitabu cha Ubatizo cha parokia ile. Majina ya wazazi yakipatana, amekaribia kwao.

Tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya hati za Serikali mjini Dublin iliungua. Hesabu za watu za miaka 1821 hata 1851 ziliteketea karibu zote, pamoja na vitabu vingi vya Kianglikana. Vitabu vya Kikatoliki vilisalimika, kwa kuwa vilikaa parokiani.

Hata hivyo, padre wengi walikuwa wameandika majina pasipo kijiji. Moto haukuvigusa vitabu hivyo, na mjukuu husimama palepale asione njia.

Basi, walimu, mwandikapo ndoa, msiandike jina la wilaya tu. Ulizeni kijiji, ulizeni jina la baba, andikeni kwa wino mzuri. Neno moja hilo ni urithi wa watoto ambao hatutawaona.

Mungu awabariki.