Namna ya Kulisoma Neno Refu la Kinorwei



Nimeombwa ninene machache juu ya maneno marefu ya Kinorwei. Sababu yake mwaijua: Wanorwei waliishi miaka mingi katika nchi ya Mbulu, nao ndio walioanzisha hospitali ya Haydom mwaka 1955. Walipowaandikia watu wa kwao waliandika kwa lugha yao. Asiyeweza kuzisoma barua hizo atangoja mgeni amsimulie habari za babu yake mwenyewe.

Basi, Mnorwei huunganisha maneno mawili, matatu, hata manne, bila kuacha nafasi. Syk ni mgonjwa, hus ni nyumba. Sykehus ni hospitali. Sisi hutaja kitu kwanza, ndipo twaeleza ni cha nani; yeye hugeuza. Kwa hiyo maana hutafutwa mwishoni. Sykepleierskole si mgonjwa wala si mwuguzi; ni skole, yaani shule, shule ya wauguzi.

Lakini sauti haiendi njia hiyo. Mkazo mkubwa hukaa katika neno la kwanza, palepale ulipokuwa kabla halijaungwa. Maneno yafuatayo hupata mkazo mdogo. Katika Kiswahili mkazo huhama: katika “soma” u juu ya so, katika “somea” u juu ya me. Kwa Mnorwei hauhami. Misjon husomwa mi-shun, mkazo mwishoni; nalo misjonsstasjon, kituo cha misioni, lashika mkazo uleule juu ya shun ya kwanza. Ile s ya kwanza katikati ni gundi tu, na neno likikatwa mwisho wa mstari hubaki kushoto: misjons-stasjon. Angalieni, katika sykepleierskole s si gundi. Ni ya skole.

Wengi wetu hukata kila silabi kwenye irabu, kama tulivyofundishwa utotoni, na hapo ndipo wapoteapo. Chukueni vingård, shamba la mizabibu. Vin ni divai, gård ni shamba. Sasa, ng ya Kinorwei kwa kawaida ni ile ng' ya ng'ombe, na ving ni bawa la ndege. Lakini hapa n ni ya divai na g ni ya shamba, hazichanganyiki: vin-gor, kwa o ndefu, na d haisikiki. Asomaye ving-ård amepanda mabawa shambani.

Natt ni usiku, tog ni treni. Yakiungwa zingekuwa t tatu, nao huandika mbili: nattog. Likikatwa mwisho wa mstari, t iliyofichwa hurudi: natt-tog. Kanuni hii yanipendeza kuliko zote.

Nafasi nayo si jambo dogo. Lammelår ni paja la mwana-kondoo, chakula cha sikukuu. Lamme lår ni mapaja yaliyopooza. Wanorwei wenyewe hukosea hapa, wakachekana.

Kuna tena sauti ya kupanda na kushuka. Bønder, wakulima, na bønner, maharage (au sala!), hutofautiana kwa mwimbo tu. Hiyo haiandikiki, isikilizwe kinywani mwa mwenye lugha.

Walimu, mpeni mwanafunzi kalamu ya risasi. Na apige mstari penye kiungo, asome kila kipande peke yake, kisha yote kwa pumzi moja. Aanze na menneskerettigheter: menneske ni mtu, rettigheter ni haki.