Mitalawanda ya Kisasa: Kiatu Kiufuate Mguu

Mhadhara kwa walaji, Siku ya Haki za Mlaji Duniani



Tarehe 15 Machi, mwaka 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipeleka ujumbe kwa Bunge la nchi yake akizitaja haki nne za mlaji: kuwa salama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Ndiyo asili ya siku tunayoiadhimisha. Mwaka huu tumependa kuzipima haki hizo kwa bidhaa ambayo wengi huiona kuwa ni pambo tu, nayo ni kiatu cha kutumbukiza mguu, kinachofunika vidole na kuacha kisigino wazi, ambacho siku hizi huuzwa kwa sifa kwamba mvaaji hujihisi kama anatembea peku.

Kiatu cha namna hiyo si kigeni kwetu. Wazee wa mwambao waliijua mitalawanda: ubao uliochongwa kwa umbo la wayo, wenye kijiti kinachokaa kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Ilivaliwa bafuni na uani, na mlio wake sakafuni ulimtangaza mvaaji kabla hajaonekana. Waholanzi nao walichonga viatu vizima kwa miti laini, na Waswidi wakapigilia ngozi juu ya soli ya mti. Vyote hivyo vina tabia moja: soli haipindi. Kwa sababu hiyo, viatu vya Uholanzi huinuliwa mbele ili mguu ubiringike badala ya kukunjika.

Mitalawanda ya kisasa imekuja na madai mengine. Soli yake ni ya mpira mwembamba unaopinda, juu kuna ngozi au kitambaa, na umbo lake ni zuri kiasi cha kuvaliwa ofisini. Hatuna ugomvi na uzuri huo. Tunalotaka mlifahamu ni kwamba neno “peku” likiandikwa kwenye boksi la kiatu halikuhakikishii chochote kwa peke yake. Muuzaji anaweza kulibandika juu ya kiatu chembamba mbele, chenye kisigino kilichoinuliwa, na bei ikapanda kwa sababu ya neno hilo tu.

Madai ya afya yanahitaji tahadhari zaidi. Mwaka 2014, nchini Marekani, kampuni ya Vibram ilikubali kutenga dola milioni 3.75 ili kumaliza shauri la walaji waliodai kwamba viatu vyake vyenye vidole vilitangazwa kuwa huimarisha misuli na kupunguza majeraha bila ushahidi wa kutosha. Kampuni haikukiri kosa. Hata hivyo, somo limebaki kwetu sote: anayeahidi tiba katika kiatu na aulizwe ushahidi wake.

Basi mlaji atazame nini? Tunataja mambo manne. Kwanza, upana wa mbele. Mguu wa asili ni mpana zaidi kwenye vidole na karibu na vidole, ilhali viatu vingi vya mtindo huchongoka papo hapo. Pili, usawa: kisigino na vidole vikae katika kimo kimoja. Tatu, soli iweze kukunjwa na kusokotwa kwa mkono bila kupambana nayo. Nne, kiatu kishikwe na mgongo wa mguu.

Katika jambo hilo la nne ndipo penye mtego, nasi tunaomba tukae hapo kidogo. Kiatu kilicho wazi nyuma hakina cha kukishika kisigino. Kikilegea juu, vidole hujikunja na kung'ang'ania soli kila hatua ili kisichomoke. Mvaaji hajui kwamba anafanya hivyo. Jioni huona tu uchovu wa nyayo na maumivu ya vidole. Kwa hiyo mtalawanda unaoacha vidole huru mbele, lakini haukamati mgongo wa mguu, umetoa uhuru kwa mkono mmoja na kuunyang'anya kwa mwingine. Tafuteni chenye ngozi inayopanda hadi mgongoni mwa mguu, au chenye ukanda wa kukaza, au ukanda wa nyuma unaoweza kushushwa kisiginoni unapotaka kutembea mbali.

Sasa tuje kwenye kipimo. Pimeni miguu alasiri, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Weka karatasi sakafuni ikiguse ukuta, simama wima, kisigino kikiguse ukuta, uzito ukiwa juu ya mguu unaopimwa. Mwenzio azungushe kalamu iliyosimama wima kuufuata mguu. Pima miguu yote miwili, maana mara nyingi hailingani, na uchague kwa ule mkubwa. Pima hadi kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa baadhi ya watu si kidole gumba bali cha pili.

Kisha kata mchoro huo, uuchukue dukani, na uutie ndani ya kiatu. Karatasi ikijikunja pembeni, kiatu ni chembamba, hata kama urefu wake unatosha. Jaribio hili halihitaji fedha wala utaalamu, tena humwokoa anayeshawishika kununua namba kubwa zaidi ili apate upana. Namba kubwa huongeza urefu kwanza. Mguu ukaanza kuteleza mbele na nyuma, na tatizo la vidole kujikunja likarudi.

Namba zenyewe zinahitaji maelezo. Namba za Ulaya huhesabu urefu wa kalibu iliyoshonea kiatu, si urefu wa mguu, na kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita. Namba za Uingereza huruka theluthi moja ya inchi, yaani karibu milimita 8.5. Tuseme mguu wako una milimita 245. Ukiongeza nafasi ya milimita 12 mbele ya vidole, unapata 257. Namba 38 ina takriban milimita 253, na namba 39 ina 260. Umeangukia katikati, na hakuna jedwali litakalokuamulia. Ni lazima uvijaribu vyote viwili. Ndiyo maana anayenunua kupitia mtandao amwulize muuzaji urefu na upana wa ndani kwa milimita, pamoja na masharti ya kurudisha bidhaa, kabla ya kutuma fedha.

Ukiwa dukani, vaa viatu vyote viwili na utembee hatua ishirini au zaidi, kisha panda na ushuke ngazi kama zipo. Mwombe mwenzio aangalie. Kisigino kuinuka kidogo si kosa katika kiatu kilicho wazi nyuma, lakini kisitoke nje ya ukingo wa soli. Hisi vidole vyako: vimelala, au vinashika? Kama vinashika, kirudishe rafuni. Usikubali ahadi kwamba kitaachia kikizoea. Ngozi hutanuka kidogo kwa upana, lakini hairefuki. Viatu vya povu navyo hujikunyata vikiachwa juani au ndani ya gari lililofungwa, na kiatu kilichokutosha Januari kinaweza kukubana Machi kwa sababu hiyo tu.

Kwa wanunuzi wa mitumba, neno moja: kiatu kilichovaliwa kimekwisha kujifunza mguu wa mtu mwingine. Kiweke juu ya meza na ukitazame kwa nyuma. Kikiwa kimelalia upande mmoja, kitakulaza na wewe upande huohuo.

Wapo pia wanaopaswa kujizuia. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia nyayoni anaweza kukanyaga msumari au changarawe ya moto asijue, na kidonda kidogo kikawa sababu ya kupoteza mguu. Kwake soli nyembamba na kisigino wazi si suala la mtindo; amwone daktari kabla ya kununua. Mzee anayeyumba anahitaji kiatu kinachofungwa. Watoto nao waangaliwe kwenye ngazi za umeme, kwani mwaka 2008 mamlaka ya usalama wa bidhaa nchini Marekani ilitoa tahadhari baada ya viatu laini vya aina hii kunaswa humo na kujeruhi vidole. Mtoto asimame katikati ya kidato, ashikwe mkono, wala asiguse pembeni.

Hata mwenye miguu mizima asihame kwa siku moja. Aliyezoea viatu vyenye soli nene na kisigino ana misuli na mifupa iliyozoea hivyo. Aanze na robo saa au nusu saa nyumbani, aongeze wiki hadi wiki, na apumzike akihisi maumivu juu ya unyayo au nyuma ya kifundo.

Mwisho, haki yenu. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha, na malalamiko hupokewa na Tume ya Ushindani. Lakini malalamiko bila kielelezo ni hadithi. Dai risiti ya kielektroniki yenye kutaja bidhaa. Hifadhi boksi, na piga picha tangazo lenye ahadi iliyokushawishi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kiatu kikibanduka soli kwa matumizi ya kawaida, rudi kwa muuzaji mapema, ukiwa na vielelezo hivyo, na uombe matengenezo, kubadilishiwa au kurejeshewa fedha.

Kwenu wafanyabiashara, tunaomba jambo moja ambalo halina gharama: wekeni rula na karatasi kaunta, na mwacheni mteja apime. Mteja aliyevaa kilichomtosha hurudi na jamaa zake. Na kwenu mafundi, ambao bado mnaweza kumchongea mtu kiatu kwa kuufuata mguu wake mwenyewe, tunasema kazi yenu ndiyo ambayo viwanda vya mbali vinajaribu kuiiga. Ipeni bei inayostahili.

Karatasi na kalamu zipo pale mlangoni. Atakaye kupima mguu wake kabla ya kuondoka, tutamsaidia.