Kutuliza Maumivu ni Haki ya Mgonjwa
Mazungumzo na wahudumu wa afya, Bububu, Unguja



Wahenga walinena: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Uzito wa maumivu ya saratani anaujua yule aliyelala nayo usiku kucha. Ndiyo maana somo la kwanza la tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na dhiki za mwenye maradhi mazito, ni kumwuliza mgonjwa na kumsadiki.

Somo la pili ni dawa. Mofini ya maji hunywewa, haihitaji sindano, wala si ghali kuitengeneza. Hutolewa kila baada ya saa 4, kabla maumivu hayajarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Ikipimwa ipasavyo, humtuliza mgonjwa bila kuharakisha kifo chake. Lakini mhudumu asiyefundishwa huiogopa, na hofu hiyo hulipwa na mgonjwa.

Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha njia. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, kutibu na kufundisha. Madaktari walikuwa wachache, na vijijini mgonjwa humwona muuguzi kwanza. Kwa hiyo mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kumwandikia mgonjwa mofini.

Nasi je? Kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani wa Unguja wamevuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kutafuta mionzi. Safari hiyo ina mwisho. Asiyepona hurudi nyumbani, na hapo tumaini lake ni jamaa zake na muuguzi wa kituo cha jirani. Muuguzi huyo asipofundishwa, tumemnyima mgonjwa haki yake.

Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliyahimiza mataifa kuingiza tiba shufaa katika mafunzo ya wahudumu wa afya. Hatuna budi kudai kwamba kila mwanafunzi wa uuguzi afundishwe kupima maumivu, kutoa mofini, kuzungumza na mgonjwa kwa ukweli na upole, na kuwaelekeza jamaa wanaomwuguza. Maumivu hayaulizi dini ya mtu. Tuidai haki hii pamoja, Wakristo na Waislamu. Asiyeweza kuponywa bado anaweza kutulizwa, na anastahili kutulizwa.