Muhuri wa Kuazimwa



Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ujenzi umepamba moto Nzuguni, Ihumwa na Mtumba. Tunaomba mtusikilize kabla nyaya hazijafukiwa ukutani.

Dhamana ya TANESCO huishia kwenye mita. Nyaya, swichi na soketi za ndani ni zenu, na chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 anayezifunga sharti awe na leseni ya EWURA. Leseni hizo zina madaraja; lipo hata daraja la kazi maalumu. Basi leseni isomwe, isitazamwe tu: aliyeruhusiwa kufunga mitambo ya umeme wa jua hakuruhusiwa kwa hiyo kutandaza nyaya za nyumba nzima. Kampuni, nayo, husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Linalotusumbua zaidi ni muhuri. Fomu ya kuombea umeme hupigwa muhuri na mkandarasi mwenye leseni. Wapo mafundi wasio nayo ambao hutandaza nyaya, kisha humlipa mwenye leseni apige muhuri juu ya kazi asiyoiona. Mwenye nyumba huambiwa kwamba ni utaratibu wa kawaida. Si utaratibu, ni kuuziwa karatasi.

Tuchukue waya wa ardhini. Jokofu likipata hitilafu, umeme hutakiwa kukimbilia ardhini kwa wingi hata kikata umeme kijizime. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, na uwanda huu wetu una msimu mmoja tu wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Fito iliyochomekwa juujuu mwezi Februari yaweza kufaulu kipimo, na kufikia Septemba ikawa chuma tu kilichosimama kwenye vumbi. Hapo kikata umeme hakijizimi, na umeme humsubiri mtoto atakayeshika mlango wa jokofu. Fundi anayeijua kazi yake huichomeka ndani zaidi, au huongeza fito ya pili, kisha hupima kwa kifaa na kuwaandikia tarakimu.

Kwa hiyo, kabla ya malipo ya awali, ombeni namba ya leseni na mkaihakiki EWURA, ambayo makao makuu yake yapo hapahapa Dodoma. Mwenye muhuri afike mwenyewe, apime mbele yenu, ndipo atie saini. Nakala ya vipimo ibaki kwenu pamoja na stakabadhi.

Akikataa kufika, msimlipe.