Chai ya Kunywa na Chai ya Kutoa



Wakulima mliofika kutoka Litein, Mogogosiek na Silibwet, sikuja kuwafundisha kilimo cha chai. Hapo ninyi ndio walimu. Nimekuja kwa ajili ya neno lenyewe, na hasa ile maana yake isiyooteshwa shambani.

Hapa Kericho na Bomet neno hili lina kazi nyingi. Chai ni mmea: "Chai yangu iko kule chini karibu na mto." Ni majani mabichi kikapuni, mawili na kichipukizi, yanayopimwa kituoni kabla ya lori la kiwanda kufika. Ni kinywaji, kiwe cha maziwa au strungi. Ni wakati: saa nne kazini ni saa ya chai. Tena ni kipato, maana kuna karo iliyolipwa na chai na nyumba zilizojengwa na chai.

Neno lilitangulia mmea kufika kwetu. Sehemu kubwa ya China husema cha. Neno hilo lilisafiri nchi kavu hadi Uajemi likawa chay, kisha kwa njia ya Waajemi na Wahindi likafika pwani yetu. Wahispania husema té, kwa kuwa Waholanzi walinunua bidhaa hiyo kwa wasemaji wa lahaja ya Fujian, wanaoiita te, wakaisambaza Ulaya. Mche wenyewe ulipandwa Limuru mwaka 1903, na katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikafungua mashamba makubwa Kericho. Mkulima mdogo alifunguliwa mlango mpana baada ya mamlaka ya chai, KTDA, kuundwa mwaka 1964.

Sasa tuingie ofisini. Faili yako imelala mezani kwa karani. Hatamki hongo, rushwa wala mlungula. Anakuuliza kwa upole, "Na sisi leo tutakunywa chai kweli?" Barabarani ni hivyo hivyo: "Mzee, achia vijana ya chai." Hapo hapana birika, hapana sukari, wala hapana aliyebandika maji.

Itazameni ile "ya". Katika mazungumzo yetu kauli kamili ni "pesa ya chai". Kwanza pesa inadondoka, inabaki "ya chai". Kisha "ya" nayo inaondoka, inabaki "chai" peke yake. Kinachoombwa hasa ndicho kilichotangulia kufutwa. Vitenzi navyo hubadilika. Chai ya kikombe hupikwa, huandaliwa, hunywewa. Hii nyingine huitishwa, hutolewa, huachwa; aliyeitoa haioni ikinywewa.

Hatuko peke yetu. India husema chai-pani, yaani chai na maji. Kongo husema madesu ya bana, maharagwe ya watoto. Mexico husema mordida, neno la Kihispania ambalo maana yake ya kawaida ni mng'ato. Wamexico wamemtaja mng'ataji waziwazi. Sisi tumemfunika kwa adabu.

Na kwa nini chai, si ugali? Kwa sababu chai ndiyo adabu ya nyumba. Siku ya sherehe mursik, maziwa ya mgando, hutoka kibuyuni, lakini siku za kawaida mgeni akishasalimiwa hupewa chai, na kumwacha aondoke bila kuonja kitu ni aibu ya mwenye nyumba. Aibu hiyo ndiyo anayoitumia mwomba hongo. Anajifanya mgeni wako ndani ya ofisi ambamo wewe ndiye mgeni, na wewe uliyekuja kutafuta haki yako unajiona mchoyo ukikataa.

Majirani zetu wa Tanzania waliwahi kuupeleka ukarimu huo hadi bungeni. Takrima iliingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000, wagombea wakapata ruhusa ya kuwakirimu wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Vijana wa huko wana chai nyingine tena: wakikwambia "hiyo ni chai", wanasema umetunga uongo. Kwetu, wimbo wa Eric Wainaina "Nchi ya Kitu Kidogo", uliotoka mwaka 2001, ulilikejeli neno hili kwa kulirudisha Limuru, kunakolimwa chai ya kweli.

Sheria yetu ya Hongo ya mwaka 2016 inamtia hatiani anayetoa pamoja na anayepokea. Lakini mwananchi hasikii akiombwa hongo. Anasikia akiombwa chai, na moyo wake unamjibu kama mwenyeji mwema. Maana ya mtaani inafanya kazi kwa sababu ile ya nyumbani bado ni njema.

Ninyi mnaoishi kwa chai mna kinga ambayo wengine hawana. Kwenu neno hili lina mizani. Majani yakipelekwa kituoni hupimwa na kilo huandikwa. Bonasi ikishuka, kama wakulima wa upande huu wa Bonde la Ufa walivyolalamika miaka ya karibuni, mnauliza: kilo ngapi, bei gani, makato ya nini? Hakuna anayewaita wachoyo kwa kuuliza hivyo. Nayo chai ya ofisini iulizwe maswali hayo hayo.

Ninyi wanafunzi, kesho baadhi yenu mtakalia viti vya makarani hao, na wengine mtasimama mbele yao. Ukiambiwa "ya chai", rudisha neno lililodondoka: nini ya chai? Atalazimika kusema pesa. Akishasema pesa, muulize ni ya huduma gani, imeandikwa kwenye kanuni ipi, na risiti yake itatoka saa ngapi.