Tumutambue kwa kazi yake
(Maneno yaliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Polisi wakituuliza "huyo aliyekuuzisha anafanana namna gani?", tunaeleza sura: murefu, anavaa saa ya dhahabu. Saa anaivua. Jina anabadilisha, laini ya simu anatupa. Kazi yake ndiyo haibadiliki sana.

Wa kwanza si mgeni, mara nyingi ni mama mudogo, jirani, mtu wa korali. Katika ripoti za UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayofuata mambo haya, wanawake pia ni sehemu kubwa ya wanaohukumiwa kwa biashara ya watu. Basi tukitafuta mwanaume wa kutisha tu, anatupita yule anayesema polepole: "Dada, usiogope, miye njo nitalipa makaratasi yote." Hayo malipo ndiyo deni litakalokufunga. Wa pili anavusha, pale Kavimvira ama kwingine, na pengine hajui hata mwisho wa safari. Wa tatu anapokea na kuchukua pasipoti. Tukiwachanganya kuwa mutu mumoja, anketi inakamata dereva na wakubwa wanabaki.

Kwa hiyo mbele ya OPJ tuseme: nani alitaja mshahara kwanza? Pesa zilipita kwa namba gani? Nani alikukataza kumwambia mama yako? Pasipoti ilikutoka mkononi wapi? Maneno yale yale yakitoka kwa watu watatu wasiojuana, parke inaanza kuona mtandao. Kabila tuliache pembeni kabisa; linafungisha majirani wasio na kosa.

Kuna neno gumu. Kati yetu wako walioambiwa huko: leta msichana mwingine, tutakuachilia. Wakaleta. Marafiki wengine wametuuliza sababu gani tunawapokea. Kwa maoni yetu, Sheria n° 22/067 ya tarehe 26 Desemba 2022, inayoadhibu biashara hii, inapashwa kumfikia aliyefaidika kabla ya aliyelazimishwa. Na hao njo wanamujua aliyewatuma. Lakini dada aliyeletwa naye ana haki ya kushtaki, na hatutamunyamazisha. Kila upande utaenda na avoka wake.

Ujumbe wa simu musiufute, hata ule wa haya. Muulete kwa katibu jinsi ulivyo, pamoja na risiti za kutuma pesa. Ataandika tarehe, na jina lako halitaonekana juu ya bahasha.