Usiitupe kompyuta yako ya zamani

Najua wengine mmetoka zamu ya usiku na bado hamjalala, kwa hiyo sitawachosha.

Nataka tuzungumze juu ya zile kompyuta za mezani ambazo wengi wenu mlipewa mlipofika hapa Marekani. Nyingi zinatumia Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa msaada wake wa kawaida kwa Windows hiyo. Kompyuta bado inawaka, lakini matundu mapya ya usalama yakigunduliwa, hayazibwi tena kama zamani. Na nyingi haziwezi kuwekewa Windows 11, kwa sababu hiyo inadai prosesa mpya zaidi na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Hapo ndipo watu wanapoambiwa: tupa, nunua mpya kwa mkopo. Baba mmoja alikuja ofisini na mkataba wa duka mkononi, amebakiza kutia sahihi tu. Kodi ya nyumba ya mwezi ule ilikuwa bado hajalipa. Kabla hujatia sahihi yako, jua kwamba kuna njia nyingine, na haina malipo.

Njia hiyo inaitwa Linux. Ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows ilivyo, lakini umejengwa kwa mtindo wa Unix, mfumo ulioanza Marekani mwaka 1969. Linux yenyewe ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi kule Finland. Leo ina matoleo mengi. Mojawapo linaitwa Ubuntu, na ninyi mnaozungumza Kirundi au Kinyarwanda hamhitaji mkalimani wa neno hilo: ni utu. Jingine ni Linux Mint, ambalo sura yake haiko mbali na Windows mliyoizoea. Kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 4 inalimudu, na toleo lake la Xfce ni jepesi zaidi kwa mashine dhaifu.

Watu wanaogopa wakidhani Linux ni kioo cheusi chenye maandishi tu. Sivyo. Kuna madirisha, kuna menyu, unabofya kwa mausi. Firefox ni ya kuingia intaneti: barua pepe, maombi ya kazi, tovuti ya shule. LibreOffice Writer ni ya kuandika barua na wasifu wa kazi. Inafungua faili za Word, lakini mwajiri ukimtumia wasifu, utoe kwa PDF ili mpangilio usivurugike. Ukihitaji programu nyingine, usiitafute ovyo kwenye intaneti. Fungua Software Manager ndani ya menyu ya Mint, andika jina lake, bofya Install, kisha weka nenosiri lako.

Sasa, haraka haraka haina baraka. Kuweka Linux mahali pa Windows kunafuta kila kitu kilichomo. Kwanza nakili kwenye flashi picha zenu, fomu za uhamiaji, vyeti vya watoto. Fungua flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine uhakikishe vitu vimo kweli. Picha ya ndugu uliyemwacha kambini, ikifutika, hakuna duka litakalokuuzia.

Pili, ijaribu kabla ya kuiweka. Linux Mint inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi nyingine bila kugusa Windows. Angalia kama intaneti inashika, sauti inatoka, printa inachapa. Ukiona haikufai, zima, toa flashi, na kompyuta inarudi kama ilivyokuwa.

Tatu, uliza shule. Programu za Windows, zile zinazoishia na .exe, hazifunguki kwenye Linux hivi hivi. Kuna programu inayoitwa Wine inayoweza kuendesha baadhi yake, si zote. Na kuna programu za mitihani zinazokubali aina fulani za kompyuta tu. Kama mtoto wako anafanyia mtihani nyumbani, muulize mwalimu kwanza.

Kwa vijana mnaosoma kompyuta chuoni, jambo lenu ni tofauti. Kama una Windows 11 na mwalimu anataka programu za Linux, huna haja ya kufuta kitu. Fungua Terminal kama msimamizi, andika wsl --install, kisha uwashe upya kompyuta. Utapata Ubuntu ndani ya Windows, na programu zake zitafungua madirisha pembeni mwa yale mengine.

La mwisho ni kwa wote. Mtu akikupigia simu akisema kompyuta yako ina virusi, akaomba umruhusu aingie au ununue kadi za zawadi, kata simu. Huyo ni mwizi, hata akitaja jina la kampuni kubwa.

Wazazi, jifunzeni wenyewe pia, msiwaachie watoto. Barua za ofisi, mshahara na benki ni mambo ya mkubwa wa nyumba. Leteni kompyuta zenu na flashi mbili, tukae pamoja, tuanze na kunakili.